Tahadhari ya rangi ya machungwa

Saa 10 na nusu alfajiri. Simu ya kwanza si ya wilayani wala ya Zimamoto. Ni ya kijana wa bodaboda anayelala Pugu. "Mama Mtendaji, huku mvua haijakata tangu saa saba." Hapa kwetu bondeni, Dar es Salaam, nyota zinaonekana. Ila Mto Msimbazi unashuka toka vilima vya huko, na maji yanayotuingilia ndani mara nyingi ni ya mvua ambayo hatukuiona.

Jana jioni Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoka kwenye angalizo ikapanda hadi tahadhari, ile ya rangi ya machungwa: uwezekano mkubwa, athari wastani. Watu wakiona neno wastani wanatulia. Wastani wa nani? Kwa anayekaa ghorofani Upanga, wastani ni foleni. Kwa aliyepanga chumba hatua ishirini toka mtoni, ni godoro kuelea.

Saa 12 asubuhi. Nampigia mvuvi mmoja wa Feri, namuuliza bahari ikoje. "Bamvua, dada. Maji yanajaa mida ya saa kumi jioni." Chai iliishia hapo. Bahari ikijaa pale daraja la Salenda, mto unapoingia baharini, maji yanakosa pa kutokea, yanarudi kwetu.

Saa 2. Kamati inakaa chini ya mwembe, watu saba, dakika ishirini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imetupa kamati toka taifa hadi ngazi zetu za chini, lakini chombo chetu hasa ni daftari la mistari. Lina wazee, wajawazito, wagonjwa wa sukari, kijana wa kiti cha magurudumu, na mbele ya kila jina, jina la atakayembeba. Tulijifunza Desemba 2011, mvua ilipopiga kuliko wakati wowote jijini tangu uhuru na watu zaidi ya 40 wakafa. Siku ile kila mtu alikimbilia wa kwake. Ajuza aliyeishi peke yake tulimkumbuka kesho yake, amekaa juu ya bati.

Saa 4. Kipaza sauti. Nimeshaacha kutangaza "chukueni tahadhari", maana mtu anakuuliza aichukue wapi. Siku hizi nasema hivi: mkisikia filimbi tatu, zima swichi kubwa, beba vyeti, dawa na nguo za mtoto, panda shuleni.

Saa 6 mchana. Shuleni penyewe sasa. Kwenye mpango wetu, wenye mhuri, shule ndiyo kituo cha hifadhi. Leo Jumamosi. Mlinzi ana funguo ya geti. Za madarasa anazo mwalimu aliyekwenda msibani Kibaha. Vikao vitatu tulikaa, tukajadili hadi rangi ya fulana za kamati, hakuna aliyeuliza funguo zinalala kwa nani. Hata mimi sikuuliza, na ndiye niliyeandika muhtasari. Mwenyekiti akaangalia kufuli, akaangalia mawingu. "Leteni nondo. Nitalipa mimi." Yakafunguka madarasa manne.

Saa 8. Yule yule ajuza wa 2011. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Siendi." Nikakaa kizingitini. Nilitegemea aniambie maji kayazoea, kumbe shida ilikuwa kuku wake wanne: mara ya mwisho alirudi hakukuta hata unyoya. Nikamwita mbebaji wake na tenga. Kuku walitangulia, bibi akafuata nyuma akiwahesabu.

Saa 10 jioni. Maji yakafika na jua linawaka. Kwenye nguzo ya daraja la miguu tumepaka alama tatu. Yalipogusa ya njano nikapuliza filimbi, na nusu saa baadaye nyekundu haikuonekana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzuia watu kurudi. Vijana wawili walitaka kuvuka kufuata friji. Maji ya magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima, na yale yalikuwa na mabati ndani. Tukafunga kamba njiani, tukapiga 114 ya Zimamoto, nikasimama pale nikitukanwa hadi Magharibi.

Saa 1 usiku. Watu 112. Kwa kipimo kinachotumika kwenye makambi, mtu mmoja anahitaji mita za mraba tatu na nusu. Darasa la mita saba kwa tisa linatosha watu kumi na wanane. Sisi tumeweka ishirini na wanane. Maji lita 15 kwa kichwa kwa siku ni lita 1,680, na simtanki la shule ni la 2,000, lilijazwa mchana. Choo ndicho kinachonikosesha usingizi. Matundu manne, na kipindupindu hupenda kuja maji yakishapungua. Wanaume wakapewa mawili ya nyuma, wanawake mawili ya karibu na taa, na ndoo ya maji yenye dawa ikawekwa mlangoni.

Saa 5 usiku. Naita majina kwa daftari. Mmoja hayupo, mtoto wa miaka tisa. Dakika arobaini za simu, kumbe kalala kwa shangazi yake Kigogo toka mchana. Mama yake akacheka, halafu akalia.

Nikawasha tochi ya simu, nikajaza fomu ya tathmini ya awali ya kupeleka kata. Vifo: hakuna. Majeruhi: mmoja, kidole cha aliyevunja kufuli. Mali ya umma iliyoharibika: makufuli manne. Mifugo iliyookolewa: kuku wanne. Hapo bibi akaniita toka gizani nirekebishe, mmoja ni jogoo.