Vitabu Vidogo vya Vibonzo na Wachoraji Wasiosubiri Mchapishaji

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa vibonzo. Wazee wetu walimcheka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Wakenya wamekua na Juha Kalulu wa Taifa Leo, na Tanzania kizazi kizima kilipokezana majarida ya Sani mpaka kurasa zikalegea, kila mtu akimtafuta kwanza Ndumilakuwili, Lodi Lofa au Pimbi. Kinachotupungukia ni hadithi ndefu ya picha, iliyotungwa na kuchorwa na mtu mmoja kwa sababu ana jambo lake la kusema, wala si kwa sababu mhariri amebakiwa na nafasi ya kichekesho gazetini. Hadithi hizo zipo, na ni nyingi kuliko nilivyodhani nilipoanza kuzitafuta, ila huzipati kwa urahisi katika maduka yetu ya vitabu, ambako rafu nyingi zimeshikwa na vitabu vya kiada.

Mimi nilianzia Instagram. Mchoraji chipukizi huweka huko fremu mbili tatu za kazi anayoiandaa, kisha humshukuru mwenzake aliyemsaidia kupaka rangi au kuandika maneno. Ukimfuata huyo mwenzake, mara nyingi utakuta naye ana hadithi yake ambayo hakuna aliyekutajia. Njia hiyo ni ya polepole, lakini imenifaa kuliko utafutaji wowote wa Google. Njia ya pili ni matamasha. NAICCON, tamasha la vibonzo la Nairobi, huwavutia wapenzi wa michezo ya kompyuta na wanaovaa kama wahusika wawapendao, lakini nako utawakuta wachoraji wameketi nyuma ya meza wakiuza kazi zao, na huko unaweza kukifungua kijitabu na kukisoma kabla hujatoa pesa.

Kijitabu ninachokipenda kuliko vyote nilikinunua kwa kijana mmoja kwenye meza ya namna hiyo. Kilikuwa karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili, utaratibu unaombana mtunzi kuliko wasomaji wengi wanavyojua: kila karatasi hutoa kurasa nne, kwa hiyo hadithi haina budi kuishia kwenye ukurasa wa 16, wa 20 au wa 24, na asiyepanga mapema hujikuta akiusonga mwisho wake wote ndani ya ukurasa mmoja. Huyu alikuwa amepanga. Hadithi yake ilimhusu kondakta wa matatu katika safari ya mwisho ya usiku, na katikati kulikuwa na ukurasa wa fremu sita usio na neno hata moja: kidole kilicholoweshwa mate, noti zilizokunjwa kwa urefu, sarafu kiganjani, mwanga wa simu, mlango unaofungwa, barabara tupu. Nyuso zilikuwa dhaifu, nakiri. Pua ya kondakta ilibadilika umbo kila baada ya kurasa mbili. Lakini gari lilipoondoka, herufi za sauti yake akiita abiria zilipungua ukubwa fremu baada ya fremu, na mimi nikasikia gari likienda mbali.

Tangu hapo nimeacha kuwapima chipukizi kwa umahiri wa kuchora misuli. Wengi bado wanaiga mashujaa wa Marekani na manga za Kijapani, na kazi hizo huzipitia haraka. Kitu ninachokiangalia zaidi ni maneno yalivyokaa. Kiswahili hukusanya mambo mengi ndani ya neno moja, na kitenzi kama «hatukuwaambia» kinahitaji upana wake chenyewe. Mchoraji anayemaliza picha kwanza ndipo akumbuke maneno hulazimika kuyabana pembeni kwa herufi ndogo kama sisimizi, au kulikata neno mahali pasipokatika. Aliyeandika mazungumzo kabla ya kuchora hutambulika kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sababu wahusika wake wamesimama mahali panapoacha nafasi ya kusema.

Sikubaliani na wanaosema kwamba tunakosa wachoraji. Tunachokosa ni njia ya kumfikia mnunuzi, na imeshajaribiwa kwa namna tofauti. Mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi, iliyokuwa kampuni ndogo, ilianza kuchapisha vitabu vya vibonzo kwa Kiswahili, kikiwemo Abunuwasi cha mchora katuni Gado, na vitabu hivyo vikauzwa kama vitabu vingine, jambo lililovipa heshima lakini likaviweka mbali na msomaji asiyeingia dukani. Shujaaz, jarida la vibonzo la vijana lililoanza Kenya mwaka 2010, lilichukua njia iliyo kinyume kabisa: liligawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, likasomwa kwa Sheng, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa dijitali. Nalistahi sana. Hata hivyo, anayelipia uchapishaji huja na ujumbe wake, na ndiyo maana hadithi za Shujaaz zilipitia mahali kama ushauri wa kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue. Ushauri ni mzuri, lakini kijana wangu aliyemchora kondakta hana mfadhili wa kumwagiza aandike juu ya vifaranga.

Kwangu mimi mfano bora uko Kinshasa. Tangu 1990 mchoraji Papa Mfumu'eto alichora vijitabu vyake kwa Kilingala, kwa wino mweusi tu, akavichapisha mwenyewe kwa bei ya chini na kuviuza mitaani, kuanzia na kisa cha mtu anayegeuka chatu, akammeza mwanamke na kutapika noti za pesa. Watu wa Kinshasa walivinunua kwa sababu vilisimulia minong'ono yao wenyewe, na miaka 25 baadaye kazi zake zikatundikwa Paris katika maonyesho ya jumba la sanaa la Fondation Cartier. Mnunuzi wa mtaani alitangulia, jumba la sanaa likafuata.

Kwa hiyo siku hizi humwandikia mchoraji moja kwa moja na kumlipa kwa simu. Aliye Dar es Salaam anayetaka kijitabu kutoka Nairobi atumie kifurushi cha basi, ila nauli ya kifurushi huweza kuizidi bei ya kijitabu chenyewe. Sisi tunaofahamiana huagiza pamoja, na tukishaagiza humwuliza mchoraji sehemu ya pili inatoka lini, maana wengi wao huishia ya kwanza kwa kudhani hakuna anayeingoja.