Hatimaye faili zangu za PHP zinasomeka kwenye Emacs

Jamani leo nina furaha acha niwaambie. Nina mradi wa zamani wa PHP (lugha ya kutengenezea tovuti), faili moja ndani ina HTML, CSS, JavaScript na PHP zote zimechanganyika, na Emacs, programu ninayoandikia kodi, ilikuwa inaisoma yote kama lugha moja, rangi zinapotea katikati, ukibonyeza Tab mstari unarukia kusikojulikana, ukikomenti kitu (kukigeuza maelezo yasiyotekelezwa) kwenye HTML inakuwekea alama za PHP, yaani nimeteseka nayo miezi kadhaa.

Jana usiku nikaweka web-mode, nyongeza ya Emacs ya faili zenye lugha zilizochanganyika hivi, kutoka MELPA, hazina ya mtandaoni ya nyongeza za Emacs. Kuiweka ni dakika mbili tu, kazi iko kwenye mipangilio, maana usipoiambia Emacs kwenye auto-mode-alist (orodha inayosema faili ipi ifunguliwe kwa namna ipi) kwamba faili zinazoishia na .phtml au .blade.php zifunguliwe na web-mode hutaona mabadiliko yoyote, hapo ndo nilikwama karibu saa nzima. Halafu nafasi za mwanzo wa mstari unaziseti mara tatu, za HTML peke yake, za CSS peke yake na za kodi peke yake, mi nimeweka 2 kote.

Sasa nikibonyeza M-; (yaani Alt na ;) ndani ya HTML napata komenti ya HTML, nikishuka kwenye PHP napata ya PHP. Na C-c C-n (Ctrl na c, kisha Ctrl na n) inanirusha kutoka tagi ya kufungua mpaka ya kufunga, hii naipenda kuliko zote, kwa faili ya mistari 900 ni ukombozi kabisa. Mwenye faili za hivi aijaribu, akikwama kwenye init.el (faili la mipangilio ya Emacs) aniulize hapa nitamsaidia.