Kidonge cha presha cha kutoka polepole hakipondwi

Wenzetu wa maduka ya dawa hapa Nairobi, mtu akiuliza kama nifedipini (dawa ya kushusha presha) ya kutoka polepole inaweza kupondwa ili mzee aimeze na uji, jibu ni hapana. Nyingi huchanganywa na haipromelosi, unga unaozuia dawa isitoke haraka, mara nyingi asilimia 20 hadi 40 ya uzito wa kidonge. Ikilowa huvimba na kuwa ute mzito, na dawa hutoka kadiri ute unavyomomonyoka. Ikiwa kidogo mno, ute hauungani na dozi hutoka kwa pupa. Kuponda huleta balaa hilohilo: presha hushuka ghafla, moyo huenda mbio, mzee huanguka.

Kiwandani, magnesiamu stiareti, unga wa kulainisha ili vidonge visigande kwenye mashine, huingia mwisho kabisa, dakika chache tu. Ikichanganywa kupita kiasi vidonge huwa laini. Taa ziwe za njano, maana mwanga huharibu nifedipini. Halafu kipimo cha jinsi dawa inavyotoka kwenye kidonge: maji ya nyuzi 37 yanayokorogwa, sampuli za mapema, katikati na mwisho. Ile ya mapema ndiyo ya kuogopa zaidi, maana ndiyo huonyesha kama dozi inatoka kwa pupa.

Asiyeweza kumeza arudi kwa daktari. Amlodipini ya kawaida, kwa mfano, hukaa mwilini muda mrefu bila ufundi huu, na inapondeka.