Jioni Niliyofungwa Upanga wa Umair

Jirani yetu kaibiwa jogoo. Juzi baada ya Alasiri alisimama njiani akatangaza kila mtu asikie: jogoo asiporudi kabla ya Ijumaa, mwizi atasomewa Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza. Usiku mwanangu mdogo hakupata usingizi. Alinijia akaniuliza, "Baba, Halbadiri ni majini?"

Nikamwambia hapana, ni watu. Ni masahaba waliopigana vita vya Badri pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie. Jibu halikumtosha, na mimi halikunitosha, kwa sababu jioni moja nilikuwa mmoja wao, pale kwenye chuo cha Kurani cha Maalim, Wete, Pemba.

Ilikuwa mwezi 17 Ramadhani. Misikitini siku hiyo watu hukaa kusikiliza darsa la Badri, lakini Maalim alikuwa na lake. Mwaka ule karafuu zilizaa sana, na ua wake wote ulikuwa umeanikwa. Akatuamrisha tuzizoe, tukae juu ya majamvi yaleyale, yananuka karafuu mpaka macho yanawasha. Tuliyokwisha kuyajua aliyapitia mbio: mwaka wa 2 wa Hijra, msafara wa Abu Sufyan ukitoka Sham, Waislamu 313 hivi, farasi 2 na ngamia 70 wa kupokezana, mbele yao Makureshi wapatao 1,000. Kwenye mateka ndipo alipotua. Asiye na fidia na anajua kuandika, alisema, aliachiwa kwa kuwafundisha watoto 10 wa Madina. Habari ile aliipenda kupita zote, mwalimu yule.

Kisha akatupanga watoto 14 kwa hesabu ya mashahidi waliouawa siku ile, Muhajirina 6, waliohama Makka, na Ansari 8, wenyeji wa Madina. Kila mmoja akapewa jina lake, akiitwa aitike "labeka". Mimi niliyekuwa mdogo kuliko wenzangu nikapewa Umair bin Abi Waqqas.

Umair alikuwa na miaka 16 hivi. Jeshi lilipokuwa likikaguliwa alijificha nyuma ya watu, na kaka yake Saad akamuuliza ana nini. Akasema anachelea Mtume atamwona na kumrudisha kwa udogo wake. Wapo waliorudishwa, kina Abdallah bin Umar na Baraa bin Azib. Umair naye akaambiwa arudi, akaangua kilio, akaruhusiwa. Kwa udogo wake, Saad ndiye aliyemfunga mikanda ya upanga.

Hapo Maalim akanyoosha mkono akaichukua bakora. Ile ya henzirani, ambayo hapakuwa na mguu wa mtoto pale usioijua. Akanijia, akapiga magoti mbele yangu. Akavua kilemba, akakizungusha kiunoni mwangu, akaichomeka bakora ubavuni. Ikagusa chini. Akafungua, akapandisha juu, akafunga tena. Bado ikagusa chini. Uso wake ulikuwa karibu na wangu hata naisikia harufu ya funga kinywani mwake. Vidole vilikuwa vimeingia weusi kwa kuchambua makonyo ya karafuu, na vilikuwa vikitetemeka juu ya lile fundo. Nilidhani ni njaa. Alipomaliza aliniinulia macho nikaona yamejaa machozi. Akasema kwa sauti ndogo, "Haya, mwanangu. Nenda."

Wenzangu wakaitwa, wakaitika. Nilipoitwa mimi, sauti haikutoka.

Siku zile bibi yangu alikuwa akiiogopa na kuiamini Halbadiri kama jirani yetu huyu. Mapolo yake ya karafuu yalipowahi kuibwa aliwakusanya wasomaji, ubani ukafukizwa, na mtaa mzima ukatetemeka. Mashekhe wanabishana mpaka leo kama inafaa kumsomea mtu, nami si wa kuwaamulia. Ila inaniuma kwamba mtoto wa kisiwa chetu anaweza kukosa usingizi kwa kumwogopa Umair, aliyekuwa kijana tu, aliyelia asiachwe nyuma.

Jioni ile bibi alikuwa ukumbini na kina mama wengine, wakisikiliza. Wakati wa futari hakuligusia somo. Alinipakulia muhogo wa nazi, akakaa, kisha akauliza, "Na mama'ke? Nani alompelekea habari?"

Kesho yake nikalipeleka swali kwa Maalim. Alikaa nalo muda mrefu. Akasema katika vitabu alivyosomeshwa yeye alimkuta Saad, mama hakumkuta, na kwamba hakuwahi kufikiri kumtafuta. Mwaka uliofuata, mwezi 17, kabla ya kuita jina hata moja, alituombesha dua kwa ajili ya mama zao wote. Wazee wawili watatu walinung'unika kuwa jambo hilo halimo kitabuni. Maalim akawasikiliza kwa adabu, na mwaka wa pili yake akaiomba tena.