Nilivyozuia maji kwenye milango ya Land Cruiser ya zamani

Gari ambalo limezunguka miaka mingi kati ya vumbi la Chunya na mvua za Tukuyu, milango yake huanza kuvuja. Nimetengeneza raba za milango ya Land Cruiser pikapu ya mwaka 1988 hapa Mbeya, na sehemu ngumu ilikuwa kujua maji yanapita wapi. Kubandika ni kazi ndogo.

Nilipaka chaki juu ya raba yote ya mlango, nikafunga kawaida, nikafungua. Raba inapogusa, chaki huhamia kwenye fremu. Mstari unapokatika ndipo penye pengo. Pale nilipokuwa na shaka nilibana karatasi na mlango, nikaivuta. Ikitoka bila kukwama, raba haibani. Ila kabla ya kuilaumu raba, fungua mlango, ushike kwa chini na uunyanyue. Mlango ukicheza, bawaba zimelika na mlango umeshuka; hapo raba mpya ni hasara mpaka bawaba zitengenezwe.

Raba ikikunjwa ikaonyesha nyufa, imekufa, nunua nyingine. Ikiwa imekauka tu na bado inarudi ukiibonyeza, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, ikauke, uipake gliserini kidogo ya duka la dawa, uiache usiku kucha na asubuhi uifute. Tafadhali usipake grisi, dizeli, oili chafu wala mafuta ya mgando. Raba nyingi za milango huyanywa mafuta hayo zikavimba na kulegea. Zitang'aa siku chache, kisha zitaharibika, nami naumia kila nikiona raba nzima imeuawa hivyo.

Raba iliyolala, yaani iliyobonyea isirudi, lakini haijapasuka, na ina tundu katikati, niliipitishia mrija laini wa milimita 5 uliopakwa gliserini, sentimita 40 tu kwenye pengo. Ukijaza raba nzima, mlango hautafunga.

Mlango wa dereva ulihitaji raba mpya. Gundi ya zamani niliikwangua kwa kipande cha mbao, nikafuta mabaki kwa thina, kutu nikaipiga msasa namba 120, kisha praima na rangi. Mwezi wa Juni baridi ya Uyole haikaushi rangi upesi, kwa hiyo nilisubiri siku mbili. Ukibandika juu ya kutu, kutu itabanduka pamoja na raba.

Urefu nilipima kwa uzi, nikaongeza sentimita 2, kiungio nikakiweka chini ya mlango. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, na unasubiri mpaka isinate kidoleni. Kosa linalorudiwa sana ni kuivuta raba wakati wa kubandika ili itoshe. Baada ya muda hurudi kwenye urefu wake, pembe zikaachia. Mimi huisukuma kidogo kuelekea kwenye pembe za mlango, ndiyo maana ya zile sentimita 2. Mlango utakuwa mgumu kufunga kwa wiki moja au mbili. Usikimbilie kulegeza kitasa.

Gundi ilipokauka vizuri nilipima kwa mpira wa maji, nikianzia chini kwenda juu, dakika 5 kila sehemu, mwenzangu akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji hutiririka na hutajua yaliingilia wapi.

Sakafu bado ililowa, na raba haikuhusika. Maji hushuka kando ya kioo yakaingia ndani ya mlango, hilo ni la kawaida, kisha hutoka nje kupitia matundu madogo ya chini. Matundu yalizibwa na tope. Niliyazibua kwa waya. Nyuma ya bodi ya mlango panatakiwa karatasi ya nailoni ya kuyaelekeza maji chini. Ilikuwa imechanwa wakati wa kutengeneza kioo, haikurudishwa. Nilikata nailoni nzito, nikaigandisha kingo zote, ncha ya chini nikaiingiza ndani ya mlango. Sakafu ikakauka.