Salamanda mwenye sumu ya bunju
Huku California, kwenye vijito vya milima ya Sierra Nevada, kuna salamanda, mnyama wa jamaa ya chura ila ana mkia na umbo kama la mjusi, anaitwa Taricha sierrae. Kwetu hatumjui, maana kusini mwa Sahara salamanda hawapo kabisa. Jana nimemkuta mmoja njiani, anajikokota kama mwenye shamba: mgongo wa kahawia, ngozi ya vipele. Nilipoinama tu, akajipinda, kidevu juu, mkia juu, tumbo la rangi ya chungwa kali likaonekana lote. Yaani, thubutu!

Na si mkwara. Ngozi yake ina tetrodotoksini, sumu ile ile ya samaki bunju. Inazuia neva zisipeleke taarifa, misuli inalegea, mwisho pumzi inakata. Mwaka 1979 kule Oregon jamaa wa miaka 29, akiwa amekunywa, alimmeza Taricha granulosa, ndugu wa huyu, baada ya kuambiwa athubutu. Alikufa.

Sasa kuna nyoka wa milima hiyo hiyo, Thamnophis couchii, anamla bila wasiwasi! Neva zake zimebadilika kizazi hadi kizazi, sumu haizishiki sana. Mimi nilipiga picha tu, nikampisha avuke.