Leo nimeulizwa gemu kwenye intavyuu

Jamani nimetoka intavyuu ya kazi ya stoo hapa Posta sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Jana usiku bro aliniambia futa hobi zote kwenye CV, mwajiri akiona gemu anajua we mvivu. Nikafuta "kusikiliza muziki" na "kusafiri", hizo kila mtu anaandika na hazisemi kitu, ila gemu nikashindwa kufuta nikaandika hivi: naandaa mashindano ya plestesheni mtaani kwetu Temeke, wachezaji 32, mtoano.

Basi yule mama aliyekaa katikati akavua miwani, akauliza hapo mechi ngapi? Nikamwambia 31, maana kila mechi inatoa mmoja mpaka abaki bingwa. Na umeme ukikatika? Nikaeleza ratiba, viingilio navyoviandika kwenye daftari, zawadi inatoka wapi.

Akachukua kalamu, akauzungushia duara ule mstari.

Hilo duara mpaka sasa naliona. Miaka yote nyumbani naambiwa napoteza muda, leo mtu mzima kaniuliza kwa kutaka kujua kweli.

Majibu wiki ijayo. Nyie hobi mnaziweka au mnaziacha? Mlioko HR naombeni mniambie ukweli 🙏